Baridi Ndani ya Jaketi la Papa Furaha

Naikumbuka bado Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, mwanangu, siku ambayo lami ya University Avenue ilikuwa inanata kwenye soli za viatu, na mbwa wa mtaa mzima wa Frogtown walikuwa wamelala chini ya magari. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa na pikipiki niliyoipenda kupita kiasi, nywele nilizosukwa jana yake, na blauzi ya njano isiyo na mikono. Naitaja ile blauzi kwa sababu nusura nizikwe kwa ajili yake.

Nimesikia umenunua pikipiki. Mama yako aliniambia akiwa amekunja uso, akitaka nikukataze. Sitakukataza. Mimi niliendesha miaka kumi na minne katika miji hii miwili inayopakana, na naijua raha ya kuvuka Mississippi asubuhi, mto umetulia na hewa inakuingia kifuani kama maji ya kunywa. Nataka tu nikueleze kuhusu joto. Baridi ya Minnesota kila mtu atakuonya, hata yule anayekupokea uwanja wa ndege. Joto lake hakuna anayelitaja, na sisi tuliotoka Afrika tunajidanganya kwamba jua tumelizoea. Mimi nilitoka Nyahururu, ambako watu huvaa sweta mwezi wa Julai. Sijui jua nilikuwa nimelizoea wapi.

Wakati huo nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Brooklyn Center. Basi lilinichelewesha mara nyingi, na mwenzangu mmoja wa kazini alikuwa anauza pikipiki yake kwa sababu goti lilikuwa limemchosha. Nikainunua. Nikasoma, nikafanya mtihani kwenye uwanja wa kuegesha magari, nikapewa leseni. Wakenya wenzangu kanisani walinicheka, wakasema nimekuja Marekani kufanya bodaboda. Sikujali. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilikuwa najiamulia mwenyewe saa ya kutoka nyumbani.

Kanisani kwetu kulikuwa na mtu mwingine mmoja tu mwenye pikipiki, mzee kutoka Uvira, mashariki ya Kongo. Tulimwita Papa Furaha kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa amepita miaka sitini, mwembamba, mpole, mtu wa kusikiliza zaidi kuliko kusema. Alikuja na familia yake kama wakimbizi na alikuwa anaishi Frogtown, akifanya usafi katika shule moja. Vijana walimcheka zaidi yangu, kwa sababu hata siku za jua kali alivaa jaketi refu la rangi ya majivu, glavu, na buti za kufika karibu na magoti. Walisema mzee huyu baridi ya mwaka wa kwanza ilimtisha, hajapona. Nami nilicheka pamoja nao. Nakiri.

Jumamosi hiyo mama mmoja wa kanisa letu, anayeishi Apple Valley, alikuwa amejifungua mapacha. Kina mama walijaza magari yao sufuria na nepi. Mimi na Papa Furaha tukakubaliana kwenda kwa pikipiki, kwa sababu yeye aliijua njia na mimi sikuijua. Nikaondoka Brooklyn Center kabla ya saa sita mchana kumfuata nyumbani kwake. Tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa kahawa tu, vikombe viwili.

Nilimkuta uani, ameinama kwenye beseni la maji. Alikuwa anachovya shati lake la pamba, lile alilotaka kulivaa. Akalikamua kidogo, likiwa bado linachuruzika, akalivaa, akafunga juu yake lile jaketi. Halafu akachovya kitambaa na kujifunga shingoni. Yote hayo aliyafanya taratibu kama mtu anayejitayarisha kwenda ibada. Nilisimama pale na blauzi yangu nikimwonea aibu. Nilijiambia, mzee huyu ataingia kwa watu ameloa kama aliyeanguka mtoni.

Akanitazama mikono, akanitazama miguu. Nilikuwa nimevaa raba nyepesi. Akaingia ndani, akatoka na jaketi la binti yake, jeupe lenye matundu madogo kifuani na mgongoni.

"Vaa hii," aliniambia. "Loweka na tishati chini yake. Mayi ni mingi," akaonyesha beseni la maji.

Nikamwambia kwamba nitaiva humo ndani, na kwamba upepo wa njiani utanipoza vizuri nikiwa hivi hivi.

"Hii upepo haitakupoza," alisema. "Leo itakukausha."

Hakuwa mtu wa kushindana, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye leseni yangu. Helmeti niliivaa, ingawa sheria ya hapa haimlazimishi mtu mzima, na hata hiyo niliivaa kwa sababu tu alisimama mbele ya pikipiki yangu mpaka alipoona nimeifunga. Kuhusu mengine nilishinda. Ni ushindi ambao sijausahau.

Tukaondoka, yeye mbele mimi nyuma.

Mwanzoni nilijiona nina akili kuliko yeye. Upepo ulikuwa unapita mikononi na shingoni, nikasikia raha. Ngoja nikuambie kitu ambacho sikukijua, ingawa kazi yangu ilikuwa kutunza miili ya watu. Kuna siku hewa yenyewe huwa na joto kuliko ngozi yako. Siku kama hiyo, upepo unaokupiga ni kama ule unaotoka ukifungua mlango wa jiko la kuokea. Jasho linalopaswa kukupoza unalitoa, na kabla halijafanya kazi yake upepo umelichukua. Hulioni na hulisikii. Unajiona mkavu, unadhani uko salama, kumbe unamiminika kama mtungi wenye ufa.

Tulipita karibu na uwanja wa ndege, tukaingia barabara kuu ya kusini. Kabla ya daraja la Mto Minnesota tukakuta wanatengeneza barabara. Magari yalikuwa yamesimama, safu kwa safu, na sisi katikati yao. Hapo ndipo joto lilipokuja kutoka pande zote. Jua juu ya mabega, lami chini, injini katikati ya mapaja, na magari ya kushoto na kulia yakitutemea pumzi zao. Tulisogea, tukasimama, tukasogea. Papa Furaha aligeuka mara mbili kunitazama. Mara ya pili alinyoosha chupa yake ya maji. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba niko sawa. Sikusikia kiu, mwanangu. Nilikuwa nimesikia kiu mapema, halafu ikaniacha, nikafurahi imeniacha.

Tulipofika juu ya daraja magari yakaanza kutembea. Nakumbuka chini kulikuwa na mto mpana wenye matope, na matete ya kijani pembeni, na ndege weupe wamesimama majini. Nakumbuka nikisikia baridi. Mikono ilisisimka vinyweleo, kwenye jua lile. Nikajiambia, tumefika juu, Nyahururu si mbali. Nikaona mikaratusi. Nikaona ukuta wa shule niliyosoma nikiwa mdogo, na nikawa na uhakika kabisa kwamba nikikata kushoto nitamkuta mama yangu ameanika mahindi. Kushoto kwangu kulikuwa na lori.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Papa Furaha aliniambia baadaye kwamba alinitazama kwenye kioo, akaona pikipiki yangu inatembea kama mtu aliyelewa. Akapunguza mwendo mpaka akawa ubavuni mwangu, kati yangu na lile lori, akaona mikono yangu haitoi hata tone la jasho. Akapiga honi, nikamtabasamia. Hilo la kutabasamu ndilo lililomtisha, alisema. Basi akanisukumia kulia taratibu, kwa kunikaribia tu na pikipiki yake, kama mchungaji anavyomrudisha ndama bila kumgusa. Akaniingiza kwenye njia ya kutokea. Kwenye kona ya ile njia, tukiwa karibu kabisa kusimama, nikasahau jinsi ya kushika breki.

Nilianguka ubavu wa kushoto. Mwendo ulikuwa wa mtu anayekimbia, si zaidi. Lakini kulikuwa na kokoto, na mkono wangu ulikuwa wazi.

Mengi ya yaliyofuata nilisimuliwa, ila machache ni yangu. Nakumbuka nyasi mgongoni, na kivuli cha ubao mkubwa wa barabarani. Nakumbuka sauti ya mwanamume mwingine, dereva aliyesimama, akieleza kwa simu ya dharura tuko wapi. Na nakumbuka zipu ya jaketi ikifunguka.

Hapo ndipo, mwanangu, nilipokutana na kitu ambacho mpaka leo nikikisimulia mwili unanisisimka. Papa Furaha alivua jaketi, akavua lile shati nililolionea aibu, akaniwekea shingoni na kifuani. Lilikuwa baridi. Sisemi halikuwa la moto. Nasema lilikuwa baridi kama maji ya kisimani alfajiri, baridi ya kukufanya uvute pumzi kwa nguvu. Tulikuwa tumetoka katika moto ule ule, barabara ile ile, saa nzima, na mzee huyu alikuwa amebeba asubuhi nzima ndani ya nguo zake. Nilifungua macho. Nilimwona amepiga magoti kifua wazi juani, mbavu zinahesabika, anamimina chupa yake ya maji juu ya kitambaa na kukiweka kwapani mwangu, kisha kichwani, kisha mapajani, na huku ananipepea kwa jaketi. Alikuwa anasema maneno yale yale tu, tena na tena, kwa sauti ndogo: "Rudi, mama. Rudi polepole."

Nikarudi.

Gari la wagonjwa lilipofika, wahudumu walimkuta ameshanipoza kiasi kwamba niliweza kutaja jina langu. Mmoja wao, alipokuwa ananichoma sindano ya maji, alimwuliza Papa Furaha kama yeye ni daktari. Alijibu kwa Kiingereza chake cha kuokota kwamba yeye ni mtu wa usafi wa shule.

Hospitalini walinisugua mkono kwa brashi ili kutoa kokoto moja moja. Mimi ambaye nilikuwa nimeosha vidonda vya watu wengi, nikiwaambia wavumilie, nilijua siku hiyo nilikuwa nawaomba nini. Ngozi kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono ilikuwa imebaki barabarani. Kiganja hivyo hivyo. Helmeti ilikuwa na mkwaruzo mrefu juu ya sikio, na daktari aliishika akaigeuzageuza. Mapacha wa watu sikuwaona mpaka walipotimiza mwezi.

Siku ya tatu Papa Furaha alikuja kwangu Brooklyn Center na mkewe, wakiwa na sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, na ugali. Mkewe aliingia jikoni. Yeye akaketi. Nilimwambia asante, nikamwambia nisamehe. Alitikisa kichwa.

"Pale kwenye majani," alisema, "nilitambua sijue hata jina ya mama yako. Ningemupigia nani? Ningemwambia nini?"

Maneno yake yalikuwa hayo tu. Mwanangu, nimekaripiwa na walimu, na mabosi, na baba yangu mwenyewe ambaye hakuwa mtu wa mchezo. Hakuna karipio lililonishusha kama lile. Nilimwona mama yangu kule Nyahururu akipokea simu kutoka kwa mtu asiyemjua, kwa Kiswahili cha Kongo, akielezwa kwamba binti yake amekufa kwa joto katika nchi ya theluji. Nililia. Yeye aliangalia dirishani mpaka nilipomaliza.

Ndipo aliponisimulia alikolipata lile jambo la shati. Alipokuwa kijana alikuwa anapeleka chanjo za watoto kwa pikipiki kutoka Uvira hadi vijiji vya bonde la Ruzizi, kwenye joto la kupasua midomo. Chanjo zilikuwa kwenye sanduku lenye barafu, na barafu ilikuwa inayeyuka kabla ya vijiji kwisha. Siku moja akalifunga sanduku kwa gunia alilolilowesha mtoni, akaendesha, na alipofika akakuta barafu bado ipo na gunia lenyewe ni baridi mkononi. Alisema alisimama pale njiani akiligusa kama mtu aliyeokota kitu cha Mungu. Maji yanapokauka huondoka na joto. Alilowesha gunia kila alipopita kijito, na hakuwahi tena kufika na chanjo iliyoharibika. Kisha akajiuliza, kama naweza kulinda chanjo hivi, mbona mimi mwenyewe nafika nikiwa nusu mfu? Tangu hapo akawa anajilowesha na yeye. Jaketi la juu ni la kuuzuia upepo usiyakaushe maji mara moja, liyaache yafanye kazi polepole. Na ukianguka, jaketi ndilo linalokwaruzika.

Fikiria, mwanangu. Mtu huyo alikuwa ameketi nyuma yetu kanisani miaka yote ile, nasi tunacheka buti zake.

Mkono ulipopona, mwezi wa Agosti, aliniita uani kwake siku nyingine ya joto, saa nane mchana. Safari hii nililoweka tishati mwenyewe. Nikavaa lile jaketi jeupe la binti yake, glavu, buti, na kitambaa cha maji shingoni. Tukazunguka Ziwa Como, yeye nyuma yangu. Mzunguko wa kwanza haukuisha kabla sijaanza kutetemeka. Watu walikuwa wamekaa vivulini wanajipepea kwa magazeti, watoto wametumbukiza miguu kwenye ndoo, na mimi katikati ya jua lile nilikuwa natetemeka kwa baridi na kucheka peke yangu ndani ya helmeti. Sijui kama umewahi kujikuta ndani ya muujiza ambao mtu yeyote mwenye beseni anaweza kuufanya. Nilimshukuru Mungu kwa maji. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimemshukuru kwa mambo makubwa makubwa tu.

Papa Furaha siku hizi haendeshi tena, macho yamepungua. Lakini ukimpelekea salamu zako atakuuliza umevaa nini.

Basi sikiliza, mwanangu, uyashike haya. Joto likipanda, usivue. Funika ngozi yako yote. Tafuta jaketi jepesi lenye rangi ya kung'aa na matundu ya hewa, lakini lenye vikinga kwenye mabega na viwiko. Vaa glavu, buti, na helmeti hata kama sheria imekuachia. Lowesha nguo ya ndani na kitambaa cha shingo, na ukiona vimekauka, simama uloweshe tena. Kunywa maji kabla ya kutoka na njiani kidogo kidogo, hata kama husikii kiu, kahawa haihesabiwi. Ukitoka jasho sana, ongeza chumvi kidogo au kula kitu chenye chumvi. Simama kivulini mara nyingi kuliko unavyodhani ni lazima. Na ujue kwamba siku zile za hapa ambazo hewa ni nzito kama mvuke wa sufuria, shati la maji halitakusaidia sana kwa sababu halikauki. Siku hizo toka mapema asubuhi, au mwache huyo farasi wako gereji upande basi. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka, mlete kwangu.

Kichwa kikianza kuuma, au ukisikia kichefuchefu, au ukisikia baridi mahali ambapo hapana baridi, au kiu ikikuacha ghafla, simama wakati huo huo. Usiseme mpaka njia inayofuata. Na ukimwona mwenzako amechanganyikiwa kwa joto, piga simu ya dharura, na usingoje wafike ndipo uanze. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee. Zile dakika za kungoja ndizo zilizoniokoa mimi.

Jambo la mwisho ni dogo. Andika jina la mama yako na namba yake kwenye karatasi, uiweke mfuko wa ndani wa jaketi. Siombi itumike. Naomba ukumbuke kila ukifunga zipu kwamba yuko mtu ambaye simu ya msiba ingemfikia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe barabara zilizonyooka na vivuli vya kutosha njiani. Akupe macho ya kumwona anayekujali kabla hajavua shati lake kwa ajili yako. Kila ukitoka, akurudishe nyumbani na ngozi yako yote, umwambie mama yako umefika, naye apate usingizi.